Mistari ya Kusubiri

Mpaka leo mtu akisema mbele yangu "kazi yenyewe ni kubonyeza tu", damu inanichemka. Nilibonyeza miaka minne. Mkuu wangu wa kitengo aliyatamka maneno hayo mbele ya watu, huku akicheka, na nitasimulia jinsi nilivyomlipa. Sitajifanya mwema humu ndani. Sikuwa mwema, na sehemu kubwa ya habari hii bado inanifurahisha nikiikumbuka.

Chuo chetu cha ufundi kiko Gungu. Kinafundisha ushonaji, umeme na useremala, na kila mwanafunzi anapata kompyuta kidogo. Mimi nilikuwa msaidizi wa maabara ya kompyuta, kwa mkataba wa miezi sita sita unaoongezwa kwa barua. Maabara ina kompyuta arobaini, zote zilikuja kwetu zikiwa zimeshachoka kwingine. Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, mbili tatu zinakorogeka. Wanafunzi wakichomeka flashi zao zenye virusi, nyingine nne zinafuata. Kwa hiyo kila mwanzo wa muhula tulifuta kila kitu na kuweka programu upya, programu saba kwenye kila kompyuta.

Kuweka programu, kwa asiyejua, ni kazi ya kijinga inayohitaji mtu mwenye akili zake. Unafungua faili, unasubiri. Linatokea dirisha la kukukaribisha, unabonyeza Next. Linakuja jingine lenye masharti marefu ambayo sijawahi kukutana na binadamu aliyeyasoma, unaweka tiki kwamba umekubali, Next tena. Linauliza programu iwekwe wapi, Next. Linauliza kama unataka na kitu kingine ambacho hukukiomba. Kisha mstari wa kijani unajaa polepole, nawe umekaa unautazama, mpaka kitokee kitufe cha Finish. Hapo umemaliza programu moja. Zimebaki sita, na kompyuta thelathini na tisa zinakungoja.

Mwaka wa tatu mkono wangu wa kulia uligoma. Kifundo kilivimba, nikawa nashika kijiko kwa shida. Nilipofika nyumbani Ujiji mama alinichua kwa mawese ya vuguvugu, akaniuliza, "Huko chuoni wanakutwisha nini?" Nikamwambia sitwishwi kitu, nabonyeza. Alinitazama usoni kuona kama namtania.

Nilipomweleza mkuu wa kitengo habari ya mkono, hakunipa hata pole. Alikuwa ameletwa kwetu kutoka Dar es Salaam mwaka mmoja kabla, na tangu siku ya kwanza alituonyesha kwamba kwake Kigoma ni adhabu. Intaneti ikisuasua, "ndiyo mwisho wa reli huku." Maji yakikatika, mwisho wa reli. Na hakuwa mtu wa kusalimia. Alikuwa anaingia maabara na kusema shida yake akiwa bado mlangoni. Nikimwambia, "Habari za asubuhi mkuu, za nyumbani, watoto wameamkaje," anatazama saa yake. "Ninyi watu wa huku," aliniambia siku moja, "mngefanya kazi kama mnavyosalimiana, mngekuwa mbali sana."

Siku ile ya mkono alikuwa amekaa na walimu wawili. Akacheka, akawaambia, "Dada yetu wa kubonyeza ameumia kazini. Na kazi yenyewe ni kubonyeza tu!" Walimu nao wakacheka, kwa kuwa yeye ndiye anayewapangia vipindi vya maabara. Nilitoka pale nimekunja ngumi, na ngumi yenyewe ilikuwa inauma.

Ndipo nilipoanza kutafuta namna ya kuifanya kompyuta ijibonyeze yenyewe. Iko lugha nyepesi ya kuandikia maagizo ya namna hiyo. Unaandika mstari kwa mstari: fungua faili hili, bonyeza Enter, weka tiki, bonyeza Enter. Maandishi hayo yanaitwa skripti, na kompyuta ikiyasoma inatenda bila mkono wa mtu. Nilijifunza kutoka kwenye kurasa nilizozipakua kidogo kidogo asubuhi, kabla wanafunzi hawajaingia na kuubana mtandao. Kompyuta namba tisa, iliyoko dirishani kwenye upande unaoliona ziwa, niliifanya ya kujaribia.

Skripti yangu ya kwanza ilinitia aibu mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeacha wazi barua yangu ya kuomba mkataba uongezwe, nikaiwasha skripti na kukaa kitako. Faili la programu lilichelewa kufunguka, kama kawaida ya mashine zetu. Skripti haikujua. Ikabonyeza, na kompyuta hupeleka mibonyezo kwenye dirisha lolote lililo mbele. Mbele ilikuwa barua yangu. Enter zote zikaishia humo, sentensi zikakatika vipande, kisha skripti ikafika kwenye mstari wa mwisho, ambao ni kufunga dirisha na kujibu "ndiyo" kwa swali lolote litakaloulizwa. Swali lilikuwa: tuhifadhi mabadiliko? Ikajibu ndiyo. Barua ikahifadhiwa ikiwa imeharibika.

Nilikaa pale nikaikumbuka Kagunga. Ni kwao mama, kijiji cha mwambao karibu na mpaka wa Burundi, na nilipokuwa mdogo tulikuwa tukipanda boti kwenda huko likizo. Kwa watu wazima wa kule hufiki uwanjani ukaanza kusema. Unainama, unapiga makofi taratibu, unasema "Mwakeye", salamu ya Kiha ya asubuhi, unasubiri ujibiwe, mnashikana viwiko, unaulizwa wa kwenu nawe unauliza wa kwao. Yote hayo yakiisha, ndipo unapoulizwa kilichokuleta. Siku moja nilitumwa kwa bibi mkubwa kuomba chungu, nikaingia mbio huku nikipaza sauti, "Mama anataka chungu!" Bibi hakunijibu. Alininyooshea kidole njia niliyotokea, nikarudi hadi barabarani nikaanza upya. Nilirudishwa mara tatu.

Skripti yangu ilikuwa inaingia uwanjani mbio. Nikaiandikia mistari ya kusubiri: subiri dirisha lenye jina hili lifunguke, hakikisha liko mbele, ndipo ubonyeze. Kila kitendo kikatanguliwa na kusubiri kwake. Ikipita dakika moja bila dirisha kutokea, skripti inasimama na kuniita. Ilinichukua wiki tatu kuinyoosha, na mwishowe mistari ya kusubiri ilikuwa mingi kuliko ya kubonyeza. Muhula uliofuata nilizunguka na flashi, nikaiwasha skripti kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, nikarudi kwenye kiti changu nikanywa chai. Madirisha yalikuwa yanafunguka na kujifunga yenyewe maabara nzima. Nilicheka peke yangu.

Mkuu alinikuta nimekaa. "Leo hatubonyezi?" Kwa majivuno ya kipumbavu nikamwonyesha. Alisimama akatazama kompyuta tatu zikimaliza bila mtu. Kisha akasema, "Nitumie hiyo." Nikamtumia siku ileile. Nilidhani nimeheshimiwa.

Aliyenifumbua macho ni mama karani. Huyu alikuwa mwanamke wa Ujiji, mtu mzima, amebakiza chini ya mwaka mmoja astaafu, na barua zote za chuo zilipita mikononi mwake. Tangu nilipoanza kazi alinichukua kama mwanawe. Kila asubuhi nikipita mlangoni kwake nasema, "Shikamoo mama," naye anaitika kwa sauti ya kuvuta, "Marahabaa mwanangu, hujambo, mama yako hajambo?" bila kuacha kuchapa. Asubuhi moja baada ya kuitika aliniita ndani. Akaigeuza kompyuta yake upande wangu. "Nakwenda kuchemsha chai," akasema. "Mimi sijakuonyesha kitu." Akatoka, akaurudishia mlango.

Ilikuwa taarifa ya mkuu wa kitengo kwa bodi ya chuo. Alikuwa ameandika kuhusu "mfumo nilioubuni wa kuweka programu bila mkono wa mtu", na kwamba angeuonyesha kwa vitendo kwenye kikao. Chini yake kulikuwa na sentensi moja ambayo ningeweza kuikariri hata leo: kutokana na mfumo huo, nafasi ya msaidizi wa maabara haitahitajika tena mkataba wa sasa ukiisha. Mkataba wa sasa ulikuwa unaisha mwezi uliofuata.

Niliisoma mara mbili. Alichukua kazi ya mikono yangu, akaitumia kunifukuzia. Nilikuwa na mama wa kumtunza na kazi hii moja, na kwa mji wetu ukishatoka chuoni, mwenye ujuzi kama wangu anaishia kuchapa barua za watu stendi. Mama karani aliporudi na chai alinikuta nimesimama mbele ya kompyuta. Akanishika bega. "Kunywa kwanza," akasema. "Halafu ufikirie. Usiende kwake na hasira." Sikwenda.

Mkuu ndiye aliyeniita, siku nne kabla ya kikao. Nilimkuta ofisini kwake na skripti yangu wazi kwenye laptopu mpya aliyoletewa na chuo. Juu kabisa alikuwa ameshaandika jina lake.

"Hii kitu inachukua muda mrefu mno," akasema. "Wageni watasinzia. Nimeona tatizo ni hizi subiri, subiri, subiri. Kila mahali subiri! Umeiandika kama salamu zenu." Na mbele ya macho yangu akaanza kuzifuta.

"Mkuu, hizo ndizo..." nilianza.

Aliinua kiganja. "Nimekuuliza?"

"Hapana, mkuu."

"Basi." Akafuta ya mwisho, akaiwasha. Kwenye laptopu ile mpya yenye kasi, na programu moja ndogo, dirisha lilifunguka kabla hujapepesa jicho na kila kitu kikaenda sawa. Akageuka akanitazama. "Unaona? Sekunde chache. Huko ndiko kuboresha."

Nilimwambia naona. Na ni kweli, niliona. Niliona barua yangu iliyoharibika kwenye kompyuta namba tisa. Ningeweza kumwambia hata akiwa ameinua kiganja. Nilitoka nikaufunga mlango wake taratibu.

Kikao kilikuwa saa nne asubuhi, kwenye ukumbi mdogo unaotazama ziwani. Wajumbe walikuwa wanane, na mwenyekiti wao mwalimu mstaafu, mzee mpole mwenye fimbo. Mama karani alikaa pembeni na kompyuta yake kuukuu, ameiunganisha na projekta ili kila mtu aione ajenda. Mimi niliitwa ili nihudumie mitambo. Kabla hatujaingia mkuu alinisogelea kwenye korido, na nasema kwa haki, siku hiyo aliniuliza. "Kila kitu kiko sawa? Hakuna kitakachogoma?"

"Kila kitu kiko sawa, mkuu," nikamjibu.

Ilipofika zamu yake alisimama akazungumza vizuri, maana kuzungumza anajua. Kisha akataka kuiunganisha laptopu yake na projekta, na hapo akakwama. Laptopu mpya zina tundu dogo, projekta yetu ina waya wa zamani, inatakiwa adapta katikati. Akageuka. "Maabara tuna adapta?"

Adapta ilikuwa kwenye mkoba wangu, begani kwangu. Nilikuwa nimeitumia jana yake. Nikasema, "Sina uhakika, mkuu, labda nikatafute."

"Acha, utatuchelewesha. Tutumie ya mama." Akamwomba mama karani asogee, akachomeka flashi kwenye kompyuta ile kuukuu. Niliijua kompyuta hiyo. Kufungua faili moja tu ilikuwa inachukua muda wa mtu kutoka kuteka maji na kurudi. Na alipolishusha dirisha la ajenda ili atafute flashi yake, nyuma ya ajenda ilikuwa wazi orodha ya matokeo ya muhula, ambayo mama karani alikuwa anaihakiki tangu asubuhi. Kishale kilikuwa juu ya alama ya mwanafunzi wa kwanza wa ushonaji. Ukutani ilionekana kubwa kama bango. Siwezi kusema sikuiona.

"Waheshimiwa," mkuu akasema, "sitagusa chochote." Akaiwasha skripti, akarudi nyuma hatua mbili, akainua mikono yote juu kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Programu haikufunguka. Skripti haikuisubiri. Katika skripti ile kitufe cha nafasi ndicho cha kuweka tiki, na Enter ndiyo ya kwenda mbele, na yote sasa yalikuwa yanaingia kwenye orodha ya matokeo. Nafasi, alama ya kwanza ikafutika. Enter, ikashuka. Nafasi, ya pili ikafutika. Enter. Tuliwaona wanafunzi wa ushonaji wakipoteza alama zao mmoja mmoja ukutani, sitini na nane, themanini na moja, hamsini, kwa kasi ya mtu anayepukuchua mahindi.

"Mungu wangu, matokeo!" mama karani akapiga kelele.

Mkuu aliruka kwenye kibodi, lakini skripti ilikuwa imeshafika mstari wa mwisho. Funga dirisha. Mabadiliko yahifadhiwe? Ndiyo. Orodha ikapotea. Hapo ndipo madirisha ya programu yakaanza kutokea, yamechelewa, moja baada ya jingine hadi saba, kila moja linatukaribisha kwa adabu na kutuomba tubonyeze Next.

Mjumbe mmoja alicheka, akajizuia, akacheka tena. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango nimeuma midomo. Sijui kama nimewahi kuwa na raha kama ile. Shingo ya mkuu ilikuwa imelowa jasho, kola ya shati imemgandia, naye anabonyeza huku na huku akizifunga zile saba. Moyoni nilikuwa namwambia, bonyeza. Kazi yenyewe ni kubonyeza tu.

Raha ile haikudumu, kwa sababu mkuu alifanya ambacho sikukitegemea. Aligeuka akamnyooshea kidole mama karani. "Mama, hii kompyuta yako ina virusi. Na kwa nini umeacha nyaraka za siri wazi kwenye kikao? Unaona ulichotusababishia?" Alimwambia hivyo mbele ya bodi nzima. Mama yule aliyechapa kila cheti kilichowahi kutoka chuoni pale alishika ncha ya mtandio wake akaanza kuomba radhi. Alikuwa anasema, "Nisameheni waheshimiwa, sikujua," na sauti haikuwa yake.

Mwenyekiti akagonga fimbo yake sakafuni. "Tungojeane. Kuna mtu mwingine hapa anayekijua hiki kitu?"

"Mimi, mzee," nikasema. "Nimekiandika mimi."

Nilikwenda mbele, ila sikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Nilianza na mwenyekiti. Niliinama, nikapiga makofi mawili taratibu, "Mwakeye, mzee," mkono wangu mmoja kwenye kiwiko chake. Akashtuka, akatabasamu, akaniitikia kwa Kiha chake chote. Nikaenda kwa wa pili, kwa wa tatu, wanane wote, kila mmoja na habari za nyumbani kwake. Waliokuwa wenyeji walipiga makofi nao. Mama karani nilimpa shikamoo, akaitikia kwa unyonge. Wa mwisho nilimfanya mkuu. Nilisimama mbele yake nikanyoosha mkono, nikamuuliza habari za asubuhi, za nyumbani, watoto wameamkaje, na safari hii hakuwa na namna ya kutazama saa. "Salama," akajibu. Nilisubiri mpaka aliposema na watoto hawajambo.

Kisha nikachomeka flashi yangu yenye skripti ya zamani. Niliiwasha. Hakuna kilichotokea, na wajumbe wakaanza kutazamana.

"Inafanya nini?" mwenyekiti akauliza.

"Inasubiri dirisha lifunguke, mzee. Haiingii kwa watu bila hodi."

Walicheka. Dirisha la kwanza likajivuta mpaka likatokea, tiki ikajiweka, Next ikajibonyeza, likafuata la pili. Kompyuta ile kuukuu ilichukua dakika kumi na tano kwa programu zote saba, na hakuna aliyesinzia. Mwenyekiti akamgeukia mkuu. "Na yako mbona haikusubiri?"

"Niliboresha," mkuu akasema, sauti ndogo.

"Aliboresha," mjumbe mmoja akamwambia mwenzake, na meza nzima ikaangua kicheko. Neno hilo lilitembea chuoni muhula mzima. Mtu akiunguza wali kantini, ameuboresha.

Sentensi ile ya kuniondoa ilifutwa kwenye taarifa, mkataba ukaongezwa. Baada ya miezi miwili nilipata barua ya ajira ya kudumu, msimamizi wa maabara, nikampelekea mama yangu akaishika mikononi ingawa hasomi bila miwani. Mkuu yuko hapo hapo mpaka leo. Sasa akija maabara anabisha hodi, na mimi nikiwa natazama mstari wa kijani ukijaa sigeuki mpaka ujae. Anasimama. Naona kivuli chake sakafuni na ninakunywa chai yangu. Kama kuna siku nitamwonea huruma, bado haijafika.

Ila siku ile bodi iliagiza pia matokeo yote ya chuo yahakikiwe upya, kila darasa, kutoka kwenye karatasi za walimu, kwa kuwa hakuna aliyeiamini orodha tena. Mama karani angefanya peke yake. Nikajitolea kumsaidia. Tulikaa ofisini kwake, mimi nasoma kutoka kwenye karatasi, yeye anahakiki kwenye kompyuta, na alikuwa ananisifia. "Umenitoa aibuni, mwanangu," alisema. "Mungu akuweke." Alirudia hivyo zaidi ya mara moja, na kila aliporudia nilisoma alama inayofuata kwa sauti kubwa zaidi.

Siku ya tatu kalamu iliisha wino. Nikaingiza mkono mkobani kutafuta nyingine, nikavuta, na adapta ikatoka nayo ikaanguka mezani, juu ya karatasi za ushonaji.

Mama karani akaitazama. Hakuwa mtaalamu wa mitambo, lakini amekaa vikao vingi, anaujua waya wa projekta na mdogo wake, adapta. "Hiyo si ndiyo aliyokuwa anaiulizia?"

Ningeweza kusema nimeinunua jana. Nilisema, "Ndiyo, mama."

"Ulikuwa nayo siku ile?"

"Nilikuwa nayo."

Aliiokota adapta, akaiweka upande wangu wa meza, akaunyoosha waya wake ulale vizuri. Nikaanza kumweleza, taarifa ile, mistari aliyoifuta mkuu, kwamba nilimlenga yule na sikumlenga yeye, kwamba nilidhani programu itagoma tu. "Orodha yangu uliiona iko wazi?" akauliza. Nikainamia karatasi. Akavuta pumzi, akarudisha macho kwenye kompyuta. "Soma inayofuata," akasema. Nikasoma. Tulimaliza adhuhuri, akazipanga karatasi, akasema ahsante kwa kazi.

Kesho yake asubuhi nilishuka kwenye bodaboda nikapita mlangoni kwake kama kawaida. "Shikamoo mama." Alikuwa anachapa. Aliendelea kuchapa. Nilidhani hajasikia, nikarudia, na vidole vyake vikasimama kidogo juu ya kibodi, kisha vikaendelea.

Sasa amebakiza wiki tisa aondoke. Kila asubuhi nasimama pale mlangoni, nasema shikamoo, nasubiri marahaba yangu, watu wanapita nyuma yangu kwenye korido kwenda makazini. Skripti niliipa dakika moja, dirisha lisipofunguka iache. Mimi nimeshasimama pale mpaka kengele ya kipindi cha kwanza ikalia, na kesho nitasimama tena.